Kumzoesha Sungura wa Ndani Kutumia Choo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaofuga sungura ndani ya nyumba hunieleza tatizo lilelile: beseni limenunuliwa, maranda yamewekwa, sungura ameingizwa humo mara kadhaa, naye anaendelea kukojoa nyuma ya kochi. Nikiwauliza beseni liliwekwa wapi, na sungura aliachiwa eneo la ukubwa gani siku ya kwanza, majibu hufanana. Beseni liliwekwa mahali palipompendeza mwenye nyumba, na sungura aliachiwa sebule nzima. Makosa hayo mawili ndiyo chanzo cha kushindwa kwingi ninakokuona, na hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili yasijirudie.

Sungura hahitaji kufundishwa kutenga mahali pa kukojolea, kwa kuwa tabia hiyo anayo kwa asili. Ukimweka katika eneo dogo, atachagua kona moja au mbili na kuzirudia. Kazi yako ni kuitambua kona aliyoichagua, kuweka choo papo hapo, na kupafanya mahali anapopenda kukaa. Ukianza kushindana naye kuhusu kona, utachoka kabla yake.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Kusanya vyote kabla ya kuanza, kwa sababu mazoea hujengeka katika siku za mwanzo, na mazoea mabaya huchukua muda mrefu kufutika kuliko muda yaliochukua kuingia.

- Beseni au trei ya plastiki. Sungura aweze kuingia mzima, kugeuka na kujinyoosha. Kwa sungura wa kilo 2 hadi 3, urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 40 unatosha. Mkubwa zaidi anahitaji zaidi. Upande wa kuingilia usizidi sentimita 10 kwenda juu, na pande nyingine ziwe za sentimita 20 au zaidi, kwa kuwa sungura hurudi nyuma hadi ukingoni, huinua mkia na kukojoa. Ukikata mlango kwa kisu au msumeno, lainisha ukingo kwa msasa ili usimkwaruze tumbo. Vile visanduku vidogo vya pembe tatu siwashauri watu wavinunue: sungura mzima huingiza miguu ya mbele tu, na mkojo huangukia nje.
- Kitu cha kufyonza mkojo. Magazeti ya kawaida yaliyopangwa tabaka kadhaa, maranda makubwa yasiyo na vumbi, au vidonge vya karatasi au vya mbao iliyoshindiliwa ikiwa vinapatikana kwako.
- Nyasi kavu za kutosha kila siku. Nchini Kenya, nyasi za Rhodes zinazouzwa kwa marobota zinafaa sana. Lusini (alfalfa) si mbadala kwa sungura aliyekomaa, kwa maana ina kalsiamu na protini nyingi. Mwachie mdogo ambaye bado anakua.
- Uzio wa muda. Wavu wa waya, mbao au makreti, ilimradi usipungue sentimita 75 kwenda juu.
- Siki nyeupe, brashi na vitambaa vya kufutia.
- Kitafunwa kidogo. Kipande cha karoti cha ukubwa wa ukucha, au jani la giligilani.

Maranda yanahitaji uangalifu wa pekee. Mwulize fundi seremala ni mbao gani aliyoiranda na kama ilitiwa dawa ya kuzuia mchwa. Kama ilitiwa, yaache. Epuka pia maranda mabichi ya paina na ya mwerezi, kwa sababu ile harufu yake kali hutokana na kemikali zinazosumbua njia ya hewa na ini la sungura. Unga wa mbao haufai kabisa, kwani sungura hupumua kwa pua iliyo karibu sana na sakafu na vumbi lote huishia kwake.

Onyo: usitumie mchanga wa paka, hasa ule unaogandamana ukilowa. Sungura huonja kila kinachowekwa chooni, na mchanga huo ukivimba ndani ya utumbo unaweza kuuziba.

## Umri na kuhasiwa

Sungura anapofikia umri wa kupevuka, takriban miezi 4 hadi 6, homoni humfanya aweke alama za mipaka kwa mkojo na kwa vidonge vya kinyesi. Dume hurusha mkojo ukutani na hata kwenye miguu ya watu. Jike naye hufanya hivyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Hapo ndipo mtu hulalamika kwamba sungura aliyekuwa amezoea vizuri ameharibika ghafla. Hajaharibika, bali amekua.

Kuhasiwa ndiko kunakomaliza sehemu kubwa ya tabia hii. Dume huweza kuhasiwa korodani zikishashuka, mara nyingi kuanzia karibu miezi 4, na jike kati ya miezi 5 na 6. Kwa jike kuna faida nyingine kubwa: majike wasiotolewa kizazi hupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa wingi kadiri umri unavyosonga. Homoni hazitoki mwilini siku ya upasuaji, kwa hiyo subiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kupima matokeo, na katika muda huohuo mtenge dume na jike, kwa maana bado anaweza kumpa mimba.

Mtafute daktari wa mifugo ambaye amewahi kuwapasua sungura, si mbwa na paka pekee. Njia nzuri ya kumpima ni kumuuliza kama sungura afungishwe chakula usiku kucha kabla ya upasuaji. Sungura hatapiki, na utumbo wake hautakiwi kusimama. Daktari anayewafahamu hatakuagiza umshindishe na njaa.

Kama upasuaji haupatikani ulipo, endelea na hatua hizi hata hivyo. Unaweza kupata sehemu kubwa ya mkojo ndani ya beseni, lakini vidonge vya kuweka mipaka vitaendelea kuonekana, na ni vyema ulijue hilo mapema ili usimlaumu mnyama.

## Hatua ya 1: Mpe eneo dogo

Zungushia uzio eneo la takriban mita 1 kwa mita 1.5, lenye maji, nyasi, kijumba cha kujificha na sakafu isiyoteleza. Usitandike zulia wala matandiko laini, kwa sababu sungura hupenda kukojoa juu ya kitu laini kinachofyonza, na katika siku hizi kitu pekee cha namna hiyo kinapaswa kuwa choo chake. Kwenye vigae au saruji, turubai au kipande cha mpira wa sakafuni kisichofyonza kitamzuia kuteleza. Akianza kukitafuna, kiondoe.

Sababu ya udogo huu ni rahisi. Sungura hulitambua eneo lake kwa harufu, na katika chumba kikubwa atachagua kona nne au tano kabla hujagundua ya kwanza. Hatua hii watu huiruka kwa huruma, wakiona kama wanamfunga. Mtoe kwa saa chache kila siku akimbie ukiwa unamwangalia, kisha mrudishe.

Mafanikio ya hatua hii: baada ya siku 1 hadi 3, sehemu kubwa ya mkojo unaikuta mahali palepale.

## Hatua ya 2: Fuata kona aliyoichagua

Weka beseni katika kona ile aliyokojoa, hata kama ulitaka liwe upande mwingine. Akihama na kuanza kukojoa kona ya pili, usimrudishe. Ama hamisha beseni, ama ongeza la pili. Mabeseni mawili kwa muda wa wiki chache ni gharama ndogo kuliko mkojo uliopenya kwenye mbao za kitanda.

Kona iliyo wazi kwa pilika za watu, karibu na mlango au spika ya redio, huachwa upesi. Ukiona anaingia chooni na kutoka mbio bila kumaliza, tazama kwanza ni nini kinachomshtua upande ule.

## Hatua ya 3: Panga choo chenyewe

Tandika magazeti chini, kisha maranda yenye kina cha sentimita 2 au 3. Halafu weka rundo kubwa la nyasi kavu upande mmoja wa beseni, au tundika kikapu cha nyasi juu ya upande huo, kiasi kwamba hawezi kuzifikia bila kusimama au kuketi ndani ya choo.

Kama kuna jambo moja katika mwongozo huu ambalo ningependa usilirahisishe, ni hili. Sungura hula na kutoa kinyesi kwa wakati mmoja. Akiketi kutafuna nyasi kwa dakika 20, vidonge vinadondoka nyuma yake muda wote. Nyasi zikiwa nje ya choo, kinyesi nacho kitakuwa nje. Wengi huona kinyaa kuweka chakula chooni, wakifikiria paka au wakijifikiria wao, na kwa hiyo huweka nyasi upande wa pili wa uzio, kisha hushangaa. Sungura huchambua nyasi safi za juu na kuziacha zilizolowa. Wewe ongeza nyingine mpya asubuhi na jioni, na uondoe zilizolowa.

Usiweke wavu wa waya juu ya maranda bila kitu cha kulinda miguu. Nyayo za sungura hazina nyama laini za kukanyagia kama za mbwa. Zimefunikwa na manyoya tu, na akikaa muda mrefu juu ya waya hupata vidonda visiginoni.

Mafanikio ya hatua hii: unamkuta ameketi ndani ya beseni, anakula, bila wewe kumwita.

## Hatua ya 4: Hamishia harufu ndani

Akikojoa nje, fyonza mkojo kwa kipande cha karatasi na ukiweke ndani ya choo. Okota vidonge vilivyotapakaa uvitie humo pia. Kisha osha mahali alipokosea kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kiasi sawa kwa sawa, hadi harufu iishe. Yote mawili yanakwenda pamoja, kwa maana karatasi ikihamishwa na sakafu ikaachwa inanuka, sungura anaona vyoo viwili.

Onyo: usimwagie mkojo dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na usiichanganye na siki hata kidogo. Katika hali zote mbili hutoka hewa ya sumu, na sungura aliye sakafuni huivuta kabla yako.

## Hatua ya 5: Mwelekeze bila kumtisha

Kaa naye dakika chache mara kadhaa kwa siku na ujifunze dalili zake. Anayetaka kukojoa hurudi nyuma polepole kuelekea kona, hutulia, na mkia huinuka. Ukiiona dalili hiyo mbali na choo, gonganisha viganja vyako mara moja kwa upole au tamka neno moja fupi, kisha umsukume taratibu kuelekea beseni. Akimalizia humo, mpe kitafunwa papo hapo, ndani ya sekunde chache. Ukichelewa hadi atoke, hatahusisha viwili hivyo.

Usimpige, usimkemee kwa sauti kubwa, wala usimshike pua na kumwonyesha mkojo wake. Sungura ni mnyama anayewindwa, na mwili wake unasoma mkono unaoshuka ghafla kama kucha za mwewe. Atakachojifunza ni kukukimbia. Vilevile usimbebe na kumtupia chooni kila anapokosea: wengi hawapendi kuinuliwa, na beseni litageuka mahali pa adhabu.

## Hatua ya 6: Safisha kwa kipimo

Katika wiki ya kwanza, ondoa sehemu iliyolowa sana kila siku, lakini bakiza konzi moja ya maranda yenye harufu na vidonge vichache. Mimi mwenyewe nilikosea hapa kwa muda mrefu. Nilikuwa nikiosha beseni la jike wangu kila jioni kwa sabuni yenye manukato, nikiona ndio usafi wenyewe, naye kila asubuhi alikojoa pembeni mwa beseni. Siku nilipoacha sabuni na kubakiza maranda kidogo ya jana, alirudi.

Akishazoea, badilisha kila kitu kila baada ya siku 2 au 3, na kila siku katika maeneo ya joto kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, ambako mkojo hutoa amonia upesi. Amonia huchoma macho na mapafu ya sungura. Ukiinamisha uso kwenye beseni na pua yako ikawasha, umechelewa. Joto lenyewe pia lina hatari, kwani sungura huanza kutaabika linapokaribia nyuzi 30, hivyo choo na eneo lake visiwe mahali panapopigwa na jua la alasiri.

Utaona ukoko mweupe ukijenga chini ya beseni. Huo ni kalsiamu: mwili wa sungura hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula na kutoa ziada kwa njia ya mkojo. Mimina siki, subiri nusu saa, sugua, suuza. Kinachotoka chooni usikitupe ikiwa una bustani, kwani vidonge vya sungura haviunguzi mimea kama samadi mbichi ya kuku na vinaweza kuwekwa moja kwa moja kwenye mashina ya sukuma wiki au mchicha.

## Hatua ya 7: Panua eneo polepole

Subiri hadi mkojo wote uwe ndani ya choo kwa siku 7 mfululizo. Ndipo usogeze uzio, uongeze labda mita moja ya mraba, na umwangalie kwa siku 3 au 4. Akikosea zaidi ya mara moja, rudisha uzio ulipokuwa na usubiri wiki nyingine. Hili si kosa lake wala lako. Eneo lilikua kuliko mazoea.

Chumba kizima kikifunguliwa, ongeza beseni la pili upande wa mbali. Sungura hatakimbia kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine kwa ajili ya choo, hasa akiwa mdogo. Wadogo wa wiki 8 hadi 12 huweza kufundishwa, ila husahau wakicheza, na uvumilivu wako utahitajika hadi wakomae. Sungura mzima aliyehasiwa huelewa haraka zaidi, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili.

## Kitanda, kochi na vidonge vya mipaka

Kitanda kina mvuto wa aina mbili: ni laini, na kina harufu yako. Wengi waliozoea choo vizuri bado hukojoa kitandani, na sijaona njia ya kuaminika zaidi ya kufunga mlango wa chumba cha kulala. Kochi linaweza kufunikwa kwa turubai kwa wiki chache, kisha ukajaribu tena.

Tofautisha pia mkojo na vidonge. Vidonge vichache vikavu vilivyotawanyika kwenye mpaka wa eneo jipya, au baada ya mgeni mwenye mnyama kupita, ni alama ya umiliki na kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa. Fagia tu. Vile vyenye umbo la kichala, laini na vinavyong'aa, ni kitu kingine kabisa: ni kinyesi laini ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mkunduni ili kupata virutubisho. Ukivikuta sakafuni mara kwa mara, kwa kawaida maana yake anapewa pumba, nafaka au matunda mengi na nyasi chache.

## Sungura aliyelelewa kwenye banda la waya

Katika Afrika Mashariki sungura wengi huanzia kwa wafugaji wa nyama, katika mabanda yenye sakafu ya waya au ya mianya ambayo kinyesi hupenya na mkojo hukingwa chini kwa ajili ya mbolea ya mimea. Ni mfumo mzuri kwa kazi yake, lakini sungura aliyekulia humo hajawahi kukutana na matokeo ya alichokitoa, na huenda akachagua kona kwa kuchelewa. Mpe eneo dogo zaidi, hata la mita 1 kwa mita 1, na utandike maranda karibu nusu ya sakafu. Kila baada ya siku 2 punguza eneo la maranda kutoka upande anaoutumia kidogo, hadi kibaki kipande kinachoenea ndani ya beseni. Jike wangu niliyemtaja alitoka kwenye banda la namna hiyo, na kazi hii ilichukua wiki 5.

## Aliyezoea akiacha ghafla

Sungura mzima, aliyehasiwa, aliyetumia choo kwa miezi na sasa anakojoa ovyo, mchukulie kama mgonjwa hadi ithibitike vingine. Maambukizi ya njia ya mkojo, mchanga wa kalsiamu kwenye kibofu, na maumivu ya viungo kwa mzee ni sababu za kawaida. Manyoya yaliyolowa kati ya miguu ya nyuma, mkojo mzito kama tope, au kujikamua bila kutoa kitu, vyote vinahitaji daktari. Mkojo wa rangi ya chungwa au nyekundu hafifu unaweza kuwa rangi ya majani aliyokula tu. Matone ya damu yaliyojitenga katika mkojo ulio wa kawaida si rangi ya majani. Kwa mzee, kata mlango wa beseni uwe wa sentimita 4 au 5 ili asilazimike kuruka.

Choo kilichozoeleka kinakupa pia kipimo ambacho huwezi kukipata kwa njia nyingine. Kila asubuhi tazama vidonge: viwe vingi, vya mviringo, vya ukubwa unaolingana, na vyenye nyuzi za nyasi ukivivunja. Vikianza kuwa vidogo, vya umbo la tone au vilivyounganishwa na manyoya, ongeza nyasi na maji na umwangalie kwa karibu. Na kama beseni halina kidonge hata kimoja kwa saa 12, naye amekataa chakula, utumbo umesimama au unaelekea kusimama. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.